Mchungaji, mtunza hazina na mfuko wa paa: uchambuzi wa kisa kimoja

Kwa nini kisa hiki

Kisa hiki, cha mtunza hazina aliyecheza kamari kwa fedha za paa la kanisa na mchungaji aliyemsitiri, kimetoka katika usharika mmoja wa Kilutheri huko vijijini Tanzania. Majina yameondolewa, mahali hapatajwi, na mambo kadhaa madogo yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike. Mchungaji, aliyekuwa mtunza hazina na mkewe wameridhia kiandikwe.

Nimekitumia kwenye semina za wachungaji na wazee wa kanisa, na ubishi huwa mkali mahali pale pale: usiku wa kwanza, dukani. Wapo wanaosema mchungaji alifanya kile ambacho Kristo angefanya. Wapo wanaosema aliuza usharika wake kwa machozi ya mtu mmoja. Mimi naona pande zote mbili zinamsoma vibaya, na nitaeleza sababu.

Swali lenyewe ni hili: kiongozi ambaye naye aliwahi kuanguka amwongoze vipi aliyeanguka? Jibu lililozoeleka ni kwamba atamhurumia, maana anajua. Ni kweli atamhurumia. Ila kujua kwake kunaweza pia kumfanya ajione yeye mwenyewe badala ya kumwona aliye mbele yake.

Usuli

Usharika una mitaa mitatu. Wengi ni wakulima wa mahindi, maharage na ndizi, na wachache ni wafanyabiashara wadogo wa sokoni. Wakati huo walikuwa wamefikisha kuta za kanisa jipya kwenye lenta, na kilichobaki ni paa. Mfuko wa ujenzi ulijazwa kwa bahasha za ahadi, kwa michango ya simu, na kwa mnada wa baada ya ibada, ambapo mikungu ya ndizi, kuku, mayai na mara moja moja mbuzi huuzwa nje ya kanisa kwa anayepandisha dau. Asiyeijua minada hii aelewe kwamba yai moja linaweza kuuzwa mara nne, kila mnunuzi akilirudisha liuzwe tena. Watu hufurahi sana, na hesabu yake ni ngumu kuiandika vizuri.

Sadaka za kawaida zilihesabiwa na wazee wawili wa zamu, zikaandikwa kwenye daftari na kusainiwa. Fedha za mnada zilihesabiwa haraka haraka na kukabidhiwa mtunza hazina azipeleke benki Jumatatu. Michango ya simu iliingia moja kwa moja kwenye namba yake binafsi. Utaratibu huo ulianza miaka ya nyuma, usharika ulipokuwa hauna namba yake, na hakuna aliyehangaika kuubadilisha.

Mtunza hazina alikuwa mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye duka la pembejeo, mzee wa kanisa kwa vipindi vitatu. Mkulima aliyekosa fedha ya mbegu alikopeshwa naye bila kuandikishana. Hakuna aliyejua kwamba anabeti. Alianza na mikeka midogo, yaani dau moja linalobashiri mechi kadhaa za wikiendi kwa pamoja, kwenye simu, ya shilingi elfu moja, elfu mbili. Mkeka ukichanika kwa timu moja tu iliyomwangusha, yeye alihesabu kwamba amekaribia, na wanaowahudumia waraibu wa kamari watakuambia kwamba huko "kukaribia" nako humrudisha mtu mchezoni. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani unaotumika tangu Januari 2022 unaliweka tatizo la kamari katika fungu moja na uraibu wa vilevi. Wazee wengi wa kanisa hawalijui hilo. Kwao kubeti ni ujinga wa vijana wa kijiweni.

Mchungaji, ambaye ni mdogo kwake kwa umri, alikuwa na mwaka wa nne pale. Alijulikana kwa upole, mahubiri mafupi na kuwahi misibani. Ambacho hakikujulikana ni kwamba miaka ya nyuma, akiwa mchungaji kijana katika usharika mwingine, alikuwa mlevi wa siri. Ilikuwa enzi za viroba, vile vipakiti vya plastiki vya pombe kali, kabla Serikali haijavipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na kiroba kilijificha vizuri ndani ya mfuko wa joho. Mkuu wa jimbo wa wakati ule, yaani mchungaji anayesimamia sharika kadhaa chini ya dayosisi, aligundua, akamwita, akamsimamisha huduma ya madhabahuni kwa miezi sita na kuitaarifu dayosisi. Washarika waliambiwa mchungaji yuko kwenye matibabu, na ilikuwa kweli. Kila Ijumaa alitakiwa kufika pamoja na mkewe nyumbani kwa mkuu wa jimbo na kueleza wiki ilivyokwenda. Alirudishwa kazini kidogo kidogo. Hajanywa tangu hapo.

Kwa miaka yote iliyofuata alilisimulia tukio hilo, moyoni mwake na kwa mkewe, kwa sentensi moja: "Yule mzee hakuniaibisha."

Mambo yalivyokwenda

*Taarifa ya benki.* Fundi wa paa aliomba malipo ya awali akanunue mbao. Mtunza hazina alisema mtandao wa benki uko chini, na wiki iliyofuata akasema hundi inasubiri saini. Katibu wa baraza la wazee, mama mmoja mwalimu mstaafu ambaye usharika mzima humwita Mwalimu, ni mmoja wa watia saini na hakuwa ameona hundi yoyote. Alikwenda benki akachukua taarifa ya miezi mitano, akaketi nayo mezani pamoja na daftari la mnada na jumbe za miamala alizowaomba baadhi ya wachangiaji wamtumie. Pengo alilolipata lingetosha kununua mabati ya upande mmoja wa paa.

Jumatano jioni alimpelekea mchungaji karatasi zile ndani ya bahasha ya kaki. "Baba Mchungaji, sijamwambia mtu," alisema. "Lakini hili si la kukaa nalo sisi wawili."

Mchungaji anasema maneno hayo ya mwisho aliyasikia, ila hayakumwingia.

*Usiku wa dukani.* Alikwenda peke yake, duka lilipokuwa linafungwa. Mtunza hazina alianza kwa kukana: fedha zipo, zimechanganyika tu na za duka, wiki ijayo kila kitu kitakuwa sawa. Mchungaji hakubishana naye juu ya hesabu. Aliketi juu ya gunia la mbolea akaanza kumweleza habari za viroba, jinsi alivyokuwa akivifuata mji wa jirani asionekane, na jinsi alivyokuwa akitafuna karafuu kabla ya kupanda mimbarini. Hakuwa amemweleza mtu yeyote wa usharika ule. Alipomaliza alinyamaza.

Mtunza hazina alitoa simu yake, akafungua historia ya mikeka, akaiweka juu ya kaunta na kumsogezea. "Angalia mwenyewe, Mchungaji. Mimi siwezi kuisoma kwa sauti."

Waliomba na kulia. Kisha mchungaji akatoa ahadi. Atampa miezi mitatu arudishe fedha kimya kimya. Hakuna atakayeambiwa, liwe baraza au hata mke wa mtunza hazina. Na ili watu wasianze kuulizana, ataendelea na nafasi yake.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini aliamua hivyo, alisema aliona mtu aliyeungama kwa moyo, na yeye aliyewahi kusitiriwa angekuwa mnafiki kama asingemsitiri mwenzake. Aliongeza kwamba alihofia baraza, ambalo lina wazee wawili wakali wa marudi, yaani adhabu ya kanisa, lingemvunja mtu ambaye ndiyo kwanza amefunguka. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Usharika ule uliwahi kumtenga binti aliyepata mimba nje ya ndoa na kumsimamisha mbele ya ibada, naye hakurudi tena.

*Wiki za ukimya.* Sehemu ya kwanza ya fedha ilirudi ndani ya wiki mbili, na mchungaji akamshukuru Mungu. Kumbe zilitoka kwenye mikopo ya mtaani, ile ambayo watu wenyewe wanaiita kausha damu, kwa dhamana ya samani za nyumba na cherehani ya mkewe. Marejesho yalikuwa kila wiki. Ili kuyapata alibeti tena, na aliposhindwa alichota kwenye michango ya simu ambayo bado ilikuwa inaingia kwenye namba yake. Salio la benki lilikuwa linapanda huku deni halisi likikua.

Mwalimu aliuliza zaidi ya mara moja. Jibu lilikuwa lile lile: "Mwalimu, niachie, ninalishughulikia." Alipokataa kusaini ripoti ya robo mwaka, baadhi ya wazee walianza kusema anamtafutia uhazini mtoto wa dada yake.

Ikaja sikukuu ya mavuno. Mjane mmoja mzee alileta mbuzi jike. Mnunuzi, mgeni kutoka mjini, alilipa kwa simu. Siku kadhaa baadaye yule bibi aliuliza, kwa furaha tu, mbuzi wake alifikisha shilingi ngapi. Hapakuwa na risiti wala mstari kwenye daftari.

*Wakopeshaji walipofika.* Walikuja asubuhi ya siku ya kazi wakiwa na pikapu. Walibeba makochi, runinga na cherehani. Mke wa mtunza hazina, ambaye ni fundi nguo, hakuwa anajua lolote, na mezani alikuwa na vitambaa vya sare za shule za watoto wa watu, vimekatwa tayari. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na habari.

Usiku huo mchungaji alimpigia simu yule mkuu wa jimbo wa zamani, sasa mstaafu, akamweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Wakati ule unakunywa, funguo za kabati la divai zilikuwa kwa nani?"

Zilikuwa kwa mwinjilisti. Mzee alimnyang'anya mchungaji funguo hizo siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuomba pamoja naye. Katika kuisimulia habari ya kusitiriwa kwake miaka yote ile, mchungaji alikuwa amezisahau kabisa funguo.

Kikao cha baraza

Kwa kawaida mchungaji ndiye mwenyekiti. Safari hii alimwomba makamu wake aongoze ajenda hiyo, akisema yeye ni sehemu ya jambo linalojadiliwa. Huo ulikuwa uamuzi wake wa kwanza mzuri tangu usiku wa dukani, na ulikuwa mdogo kiasi kwamba wajumbe wengi hawakuuona uzito wake.

Kisha alieleza kwa mpangilio: tarehe aliyopewa bahasha, alichoahidi dukani, alivyomjibu Mwalimu. Habari za ulevi wake alizigusa kwa sentensi nne au tano. Hakulia wala hakuomba aeleweke. Alisema: "Nimeyataja haya ili mjue nilikuwa naangalia wapi, na kwa nini sikuona."

Kilifuata kimya, kisha ghadhabu. Mzee mmoja alitaka kwenda polisi asubuhi. Mwingine alitaka marudi ya hadharani, mtu asimame mbele ya ibada kuu. Wa tatu, rafiki wa mtunza hazina, alitaka yaishie mle ndani. Mwalimu alizungumza mwishoni, na hakugusia fedha. "Kwa miezi mitatu nimeitwa mchonganishi ndani ya usharika huu," alisema. "Kila mtu hapa amemhurumia mtu. Mimi nimehurumiwa na nani? Na yule mama ambaye cherehani yake imebebwa, nani amekwenda kwake?"

Hakuna aliyekuwa amekwenda. Kikao kiliahirishwa kwa saa moja, mama wawili wa baraza wakatumwa kwake.

Waliporejea, maamuzi yalipatikana kwa haraka ya kushangaza. Mtunza hazina aliondolewa nafasi zote na kukabidhi vitabu usiku ule ule. Mhasibu wa jimbo aliombwa kufanya ukaguzi, na mkuu wa jimbo akaandikiwa barua. Usharika ungefungua namba yake ya malipo ya simu, na mnada ungekuwa na mwandishi na mhesabuji tofauti. Mpango wa kulipa ungeandikwa mbele ya mkewe, kwa kiwango ambacho duka lingekimudu, na simu yake ya miamala ingeshikwa na mkewe kwa muda. Polisi wangeachwa kwa sharti kwamba ukaguzi usionyeshe kitu kilichofichwa zaidi. Hakusimamishwa mbele ya ibada, ila tangazo lilisomwa kanisani: fedha za mfuko wa ujenzi zimetumika visivyo, aliyekuwa mtunza hazina amekiri na ameondoka kwenye nafasi, fedha zinalipwa, na baraza linaomba radhi kwa kuchelewa kuwaambia washarika. Angekaa nje ya Meza ya Bwana mpaka utaratibu wa kurudi kundini ukamilike, na mzee mmoja alipangwa kutembea naye. Kwa makusudi, mzee huyo hakuwa mchungaji.

Matokeo

Ukaguzi ulikuta deni kubwa kuliko alilokiri, ingawa si kwa kiasi cha kuvuruga makubaliano. Zaidi ya nusu ilirudi mwaka uliofuata, na duka likapungua nusu ya bidhaa. Alibeti tena mara moja, miezi kadhaa baada ya kikao, kwa kutumia simu ya kijana wa dukani. Aliyemwambia yule mzee aliyepangwa kutembea naye ni yeye mwenyewe, kesho yake. Baadaye alirudishwa kundini. Hashiki fedha.

Umoja wa wanawake uliikomboa cherehani. Mjane alipewa risiti ya mbuzi wake na makamu mwenyekiti akaenda kumwona nyumbani. Familia mbili zilihamia kanisa jingine. Paa lilichelewa kwa zaidi ya mwaka.

Mchungaji alipewa onyo la maandishi na jimbo, na aliomba mwenyewe arudishiwe utaratibu wa Ijumaa, sasa na mchungaji wa usharika wa jirani. Mwalimu alimaliza kipindi chake na akakataa jina lake kupendekezwa tena.

Uchambuzi

*Udhaifu ulichoweza kufanya.* Tuanze na kilicho chake. Bila habari za viroba, simu ile isingewekwa kaunta. Mwalimu na karatasi zake angepata kukana, kisha wakili. Wazee wakali wangepata kukana, kisha uhasama wa koo mbili. Mraibu ameshajihukumu vya kutosha, na hukumu nyingine kutoka nje anaikimbia anapojua pa kukimbilia, yaani kwenye mkeka mwingine. Mtu aliyekaa juu ya gunia la mbolea akasema "hata mimi" alifunga njia hiyo kwa usiku mmoja. Paulo anaandika katika 2 Wakorintho 1:4 kwamba Mungu hutufariji katika dhiki zetu zote "ili nasi tupate kuwafariji wale walio katika dhiki za namna zote", na usiku ule ilikuwa hivyo hasa. Anayesema mchungaji alikosea kujieleza dukani amekosea kutafuta kosa.

*Kosa lilipo.* Kosa liko dakika kumi baadaye, kwenye ahadi. Alichukua huruma iliyomfungua mtu akaigeuza kuwa utaratibu wa uongozi, akiwa peke yake, akiwa amelia, usiku.

Waebrania 5:2 ni andiko linalopendwa sana kwenye mada hii. Kuhani ni mtu "awezaye kuwachukulia kwa upole wao wasiojua na wenye kupotea, kwa kuwa yeye mwenyewe yu katika hali ya udhaifu." Kwenye semina huwa naomba mtu asome mstari unaofuata, na mara nyingi sauti hubadilika, kwa sababu hawakuutarajia: "na kwa sababu hiyo imempasa, kama kwa ajili ya watu, vivyo hivyo kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, kutoa dhabihu kwa ajili ya dhambi." Udhaifu wa kuhani unampa upole, na papo hapo unamweka chini ya sharti lile lile walilo chini yake watu wake. Mchungaji wetu alibaki na mstari wa pili akaachana na wa tatu. Ijumaa zake ziliisha alipohamishwa kituo. Kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kumuuliza chochote, na siku aliyohitaji kuulizwa "hapa unamwona yeye au unajiona wewe?", aliyekuwa karibu kuuliza ni Mwalimu, naye akaambiwa aache.

Linganisha na Alcoholics Anonymous, ushirika ulioanzishwa Akron, Ohio, mwaka 1935 na walevi wawili waliogundua kwamba mlevi humsikia mlevi mwenzake kuliko anavyomsikia daktari au kasisi. Udhaifu ndio mtaji wao wote. Lakini anayemsaidia mwenzake naye ana wa kumtazama, na ungamo la makosa hufanywa kwa Mungu, kwa nafsi na kwa mtu mwingine aliye hai. Gamblers Anonymous, iliyoanza Los Angeles mwaka 1957, ilifuata njia hiyo hiyo. Na wanaohudumia waraibu wa kamari hushauri kwamba fedha zihamie mikononi mwa mtu mwingine mapema, maana kumwacha mcheza kamari na fedha za watu ni kumkabidhi chupa mlevi. Mkuu wa jimbo yule, ambaye sidhani aliwahi kusoma lolote la namna hiyo, alizichukua funguo kwanza kisha akaomba.

Ndiyo maana nasema kumbukumbu ilimdanganya mchungaji. Alikumbuka kwamba hakuaibishwa. Alisahau kwamba alisimamishwa, dayosisi ikajua, mkewe akajua, na funguo zikaenda. Watu waliookolewa na huruma yenye mipaka mara nyingi hukumbuka huruma tu, maana mipaka wakati ule iliwauma. Wakiwa viongozi huwapa wengine ile nusu waliyoipenda.

*Waliolipia.* Huruma ya dukani ilikuwa na gharama, na walioilipa hawakuulizwa. Mke alipoteza kitendea kazi kwa mkopo ambao haukuhitajika kuchukuliwa kama angeambiwa siku ya pili. Mjane alitoa mbuzi akapotea. Mwalimu alipoteza jina. Sina budi kusema pia kwamba hili lina sura ya jinsia: siri ilikuwa ya wanaume wawili, na wote watatu waliolipia ni wanawake.

Hapa kuna fundisho linalosumbua semina kuliko yote. Tunapenda kusema asiyeanguka hawezi kuelewa. Mwalimu hakuwa na historia ya ulevi wala kamari, na ndiye pekee aliyemwona mke wa mtunza hazina. Waebrania 4:15 inamtaja kuhani mkuu anayechukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu kwa kuwa "alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi." Kama kuanguka kungekuwa ndiyo shule pekee ya huruma, Kristo mwenyewe asingekuwa na cheti chake. Kovu la mchungaji lilimpa macho ya kumwona mtu wa aina moja, na likamziba asiwaone waliokaa pembeni.

Mchungaji alimwomba Mwalimu radhi nyumbani kwake, faraghani. Aliyemchafua ni usharika, hadharani. Tangazo la kanisani lilitaja kuchelewa kwa baraza na halikumtaja yeye. Nilipouliza, mchungaji alisema hawakutaka kumweka Mwalimu kwenye midomo ya watu. Alikuwa tayari kwenye midomo ya watu.

*Kujifunua kwa kiongozi.* Mchungaji alisimulia udhaifu wake mara mbili, na tofauti ya mara hizo mbili ni kubwa. Dukani masimulizi yalikuwa marefu na yalifungua mlango, lakini yalimfunga pia msimuliaji, kwani baada ya kumwambia mtu siri yako ya ndani ni vigumu kumwambia "kesho leta vitabu." Barazani yalikuwa mafupi, na kazi yake ilikuwa kuwapa wazee taarifa waliyohitaji ili wamsimamie vizuri.

Afrika Mashariki tuna urithi wetu katika hili. Uamsho ulioanzia maeneo ya Gahini, Rwanda, mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuenea Uganda, Tanganyika na Kenya uliwafundisha watu wetu kutembea nuruni: kuungama mbele ya ndugu, askofu na mfagizi katika mduara mmoja. Wazee wale wawili wakali ni watoto wa urithi huo, na ndiyo sababu walitaka ungamo la hadharani. Walichokisahau ni kwamba katika ushirika ule wote waliungama. Usharika uliomsimamisha binti mjamzito mbele ya ibada, wazee wakiwa wamekaa viti vya mbele mikono imekunjwa, hauwezi kudai unaufuata.

Kwenye ubishi mtu hatakosa kumtaja Petro, aliyemkana Bwana na bado akaambiwa "nawe utakapoongoka waimarishe ndugu zako" (Luka 22:32). Basi kwa nini mtunza hazina asirudishiwe vitabu? Mimi huwapeleka sura tatu nyuma, kwa Zakayo, maana kosa lake lilikuwa la fedha. Yeye alisimama mbele ya watu, akataja viwango, na Luka hatuambii kama alirudi kituo cha ushuru. Kurudi mezani na kurudi kwenye sanduku la fedha ni maamuzi mawili, na baraza lilifanya vema kuyatenganisha.

*Mahali ambapo kisa hiki hakifai kuigwa.* Baraza liliacha polisi kwa sababu aliyeibiwa alikuwa usharika wenyewe, na usharika uliambiwa ukaamua kupitia wazee wake. Hata hapo wapo wanasheria walioniambia ilikuwa karibu na ukingo. Ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, au ni mtu aliyepigwa au kuingiliwa kwa nguvu, baraza la wazee halina kikao cha kukaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwananchi mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa aitoe kwa mamlaka za serikali za mitaa, na mchungaji ni mwananchi. Mzee wa kanisa aliyewahi kukosea ujanani asije akatumia hadithi ya gunia la mbolea kama sababu ya kumsitiri mkosaji wa namna hiyo. Nimeshasikia ikitumiwa hivyo, na ndiyo sababu siku hizi sehemu hii naifundisha kwanza.